Habari za Tabibu Az-Zahrawi na Maji ya Kichwani

 Ndugu zangu, hizi ni habari za tabibu mmoja ambazo zatufaa sisi wa pwani, na zawafaa ndugu zetu wa Kimwani na Bukoba walio kando ya Ziwa.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, na nasaba yake hutajwa kuwa ya Ansari. Alizaliwa karibu na mwaka 936 katika Madinat az-Zahra, mji alioujenga Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu kando ya Qurtuba, katika Andalus, nchi ambayo leo ni Hispania. Alitibu watu miaka mingi, kisha akatunga kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya kazi ya mkono: kuchoma kwa moto, kupasua na kuunga mifupa, pamoja na picha za vyombo kama 200. Alifariki karibu na mwaka 1013, baada ya mji wake kuharibiwa katika fitina.

Katika sehemu hiyo alieleza maji yanayokusanyika katika vichwa vya watoto wachanga, mara nyingine baina ya ngozi na mfupa, mara nyingine chini ya mfupa. Alieleza namna ya kupasua, wala hakuficha kuwa wagonjwa wa namna hiyo aliowaona walikufa. Alimtaja mtoto ambaye kichwa chake kilizidi kila siku hata asiweze kuketi. Kwa hiyo yeye mwenyewe alichagua kutowapasua. Angalieni uaminifu huo! Angeweza kujivuna na kupokea ujira. Lakini aliandika ukweli.

Waliokuja baadaye walijua asiyoyajua. Maji hayo hutoka ndani ya ubongo, kwa mtu mzima kadiri ya nusu lita kila siku, kisha hupita katika njia zake yakarudi damuni. Mshipa wa kichwani ukipasuka wenyewe bila ya pigo, damu huweza kuziba njia hizo, na maji yakajaa. Fuvu la mtoto mchanga hutanuka. La mtu mzima halitanuki, basi ubongo hubanwa. Dalili zake ni kichwa kuuma ghafula kwa ukali usio na mfano, kutapika, shingo kukakamaa, kisha usingizi mzito, ambao huenda ukaja baada ya siku kadhaa. Leo matabibu hutoboa fuvu wakatia mpira mwembamba wa kutoa maji. Na ambaye maji yake hayatulii, huwekewa mpira upitao chini ya ngozi hata tumboni. Kazi hiyo hufanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Na Mbale, Uganda, iko hospitali ya watoto iliyosifika kwa maradhi haya.

Basi mtu wenu akishikwa hivyo, msikae siku tatu mkimpunga pepo. Msomeeni dua, na gari likitafutwa saa ile ile. Kwani kutoka Kimwani mpaka Mwanza ni mbali, na ubongo uliobanwa haungoji. Az-Zahrawi alikiri mwisho wa ujuzi wake. Nasi tukiri mwisho wa ujuzi wetu, tumpeleke mgonjwa kwa ajuaye.