Daktari Robert Koch na Malale ya Ziwa Victoria

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alisomea uganga, akawa daktari wa wilaya. Kila alipopata nafasi aliketi mbele ya hadubini, yaani chombo cha vioo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1876 alieleza maisha ya kijidudu cha kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe na watu. Mwaka 1882 akavumbua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa tuzo ya Nobel.

Zamani hizo malale yalikuwa yakiangamiza watu wa Ziwa Victoria, hasa Busoga na visiwa vya Sese. Mwaka 1903 Daktari David Bruce alikwisha kuonyesha huko Entebbe kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Basi, mwaka 1906 serikali ya Ujerumani, iliyotawala nchi yetu wakati ule, ilimtuma Koch. Akafika Mwanza, lakini wagonjwa wa huko walikuwa wachache, akavuka ziwa mpaka Sese.

Katika tone la damu Koch alimtazama mdudu mwembamba akijinyonganyonga. Mdudu huyo, tripanosoma, ni seli moja tu. Hana tumbo, wala moyo, wala mguu. Hata hivyo ndani yake mna viungo vidogo, kila kimoja na kazi yake, kama watu wa mtumbwi mmoja: huyu hupiga kasia, yule hushika usukani, mwingine hukumba maji. Kiini huongoza kazi zote, na mjeledi humwendesha. Seli za miili yetu nazo zina kiini, tena zina mitokondria zitoazo nguvu. Seli za jani la pamba zina hivyo vyote, pamoja na ukuta mgumu, na kloroplasti za kijani zitengenezazo chakula kwa mwanga wa jua.

Koch aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoxyl, yenye sumu ya aseniki. Vijidudu vikatoweka katika damu, na wengi wakapata nafuu. Lakini baadaye vijidudu vilirudi, naye Koch akaongeza kipimo. Hapo msiba ukaingia: watu 22 wakapofuka. Sumu ile haikubagua seli ya mdudu na seli ya mtu. Ilipiga vijidudu, ikapiga na mishipa ya macho. Koch akakiacha kipimo kile kikubwa, lakini macho ya watu wale hayakurudi. Walimjia wakitafuta uzima, nao hawakumbukwi kwa majina kama akumbukwavyo yeye.

Koch alirudi kwao mwaka 1907, akafa tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Mwaka 1909 mwanafunzi wake, Friedrich Kleine, alionyesha karibu na Shirati kwamba tripanosoma hukua kwanza ndani ya mbung'o ndipo aambukize mtu.

Mwaka 1977 wataalamu walitambua ndani ya tripanosoma kiungo kiitwacho glikosomu, ambamo huvunja sukari apate nguvu. Seli zetu hazina kiungo hicho. Basi watafutao dawa hutaka ile impigayo mdudu mahali asipofanana nasi. Kwa hiyo, wanafunzi, kuijua seli na viungo vyake si kazi ya bure: kwa kukosa maarifa hayo watu 22 walipoteza macho yao.