Maisha ya Harry Thuku, Karani Aliyedai Haki za Wote

Baada ya hesabu za mwaka, tunawaletea wazee wetu na wanachama wote habari za maisha ya mtu mmoja wa zamani, ili wazee wakumbuke na vijana wajifunze. Safari hii tumemchagua marehemu Harry Thuku. Huenda mtu akauliza: Mkikuyu wa Kiambu anatuhusu nini sisi watu wa Isiolo? Jawabu lake limo katika habari zenyewe.

Harry Thuku alizaliwa Kambui, katika wilaya ya Kiambu, mwaka 1895. Alisoma kwa wamisionari wa hapo kwao, na mwaka 1911 akashika njia kwenda Nairobi kutafuta kazi. Hakuwa mtu asiye na doa, kwani katika ujana wake alifungwa miaka miwili kwa hatia ya kughushi hundi. Lakini alipotoka hakukata tamaa. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuchapa gazeti la Wazungu, kisha akaajiriwa na serikali katika idara ya Hazina, kazi yake ikiwa ni kupokea simu. Basi alikuwa mtumishi mdogo tu, asiye na cheo wala mali.

Siku hizo Mwafrika alilemewa na mizigo mingi. Kila mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, nacho kikaning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mzungu hakuchukua kipande. Kodi ilipandishwa hadi shilingi 16. Wasichana na wanawake walitolewa makwao kwa shuruti wakafanye kazi mashambani mwa walowezi. Tena mwaka 1921 walowezi wakapatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Mwezi wa Juni mwaka huo Thuku na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu. Haukupita muda mrefu wakaona kwamba jina hilo halitoshi. Kipande hakikumwuliza mtu kabila lake, wala kodi haikubagua. Yawezekanaje basi watu wadai haki kila kabila peke yake? Mwezi wa Julai wakakiita Chama cha Afrika Mashariki, na mlango ukawa wazi kwa Mwafrika yeyote, Mkristo na Mwislamu. Wahindi waliopenda haki, hasa Bwana M. A. Desai, waliwasaidia. Thuku akapeleka malalamiko moja kwa moja London kwa simu ya maandishi, bila kuyapitisha kwa wakubwa wa Nairobi. Kwa ajili ya siasa hiyo alipoteza kazi yake ya Hazina, na machifu wengi wakamchukia.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Wafanya kazi wa Nairobi wakaacha kazi, na maelfu ya watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi wakitaka afunguliwe. Tarehe 16, wajumbe waliotoka kuonana na wakubwa waliwasihi watu watawanyike, na wanaume wengine wakaanza kuondoka. Hapo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawaaibisha wanaume kwa woga wao, na wanawake wakasonga mbele. Askari wakapiga risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walisema ni zaidi ya hao. Muthoni alikuwa miongoni mwao.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa uhamishoni Kismayu, kisha Lamu, Witu, na mwisho Marsabit, katika nchi hii yetu ya kaskazini. Hakuachiliwa mpaka mwisho wa mwaka 1930. Wazee wetu, ambao kwa miaka mingi hawakuweza kwenda kusini bila kibali, wanaweza kuyapima maisha hayo kuliko watu wengine.

Je, taabu hiyo ilikuwa bure? Mwaka 1922 kodi ilipunguzwa ikawa shilingi 12. Kipande kiliendelea kwa miaka mingi, hata mwaka 1947 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Haki ilikuja polepole, na waliokufa hawakuiona.

Haifai tufiche kwamba baadaye Thuku aliachana na wenzake. Mwaka 1932 alichaguliwa rais wa Chama Kikuu cha Wakikuyu, lakini mwaka 1935 akajitenga na kuanzisha chama kingine. Wakati wa Mau Mau aliwapinga wapiganaji, na wengi waliomsifu zamani wakamlaumu. Alirudia shamba lake la kahawa, akafariki tarehe 14 Juni 1970. Leo barabara moja ya Nairobi, karibu na mahali walipouawa watu wale, inaitwa kwa jina lake.

Basi sisi wa Isiolo, Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, tunajifunza nini? Kwamba mtu mmoja mdogo aweza kuanza, lakini hawezi kumaliza peke yake. Na kwamba dhuluma isiyobagua kabila haiondolewi na chama chenye kubagua kabila. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia.