Mtu Aliyekuwa Sungura: Maisha ya Mel Blanc

Mchana wa Kericho hauna bahari, una mvua. Ikikaribia saa tisa mawingu hushuka juu ya mashamba ya chai, wachumaji huonekana wakikimbilia vibanda vya kupimia na vikapu mgongoni, na kabla hujamaliza sala ya Alasiri mitaro imekwisha kufurika. Mimi ni mtu wa pwani niliyezoea kukaa barazani. Huko nilifungiwa ndani siku tatu mfululizo pamoja na watoto wa mwenyeji wangu, televisheni moja, na boksi la diski za picha za katuni za zamani.

Picha zenyewe si za jana. Ni zile za Bugs Bunny, sungura wa kijivu mla karoti, na Daffy, bata mweusi mwenye ghadhabu, na Porky, nguruwe mwenye kigugumizi. (Huyo wa mwisho tumsamehe, ndugu msomaji. Hatumli, tunamsikiliza tu.) Kampuni ya Warner Brothers ilianza kuzikusanya katika diski mwaka 2003, na kufikia 2008 ilikuwa imetoa mafungu sita yenye diski nne nne. Hao watoto walikwisha kuzihifadhi kwa moyo. Walikuwa wakicheka kabla ya kichekesho kufika.

Alikuwapo nasi mzee jirani, Mkipsigis, ambaye alifanya kazi kiwandani kwa miaka mingi hata akastaafu. Yeye hakucheka. Alitazama kwa makini kama mtu anayekagua majani ya chai, kisha akaniuliza swali ambalo watoto hawakuwahi kuliuliza: huyu sungura anasemewa na nani? Nilipomjibu kwamba sungura, bata, nguruwe na wengine wengi walisemewa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo alikwisha kufa zamani, alitikisa kichwa akasema kwamba mambo ya namna hiyo kwao si mageni, kwani wao walikuwa na Chemirocha.

Hapo mzee alinipata. Kisa cha Chemirocha ni mashuhuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kuzunguka akinasa nyimbo za Waafrika, alifika Kapkatet katika wilaya ya Kericho ya siku hizo. Wasichana wa Kikipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya walimwimbia juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mpaka huku. Watu walisikia sauti ikitoka katika gramafoni, mwenye sauti hawakumwona, nao wakampa umbo wenyewe. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimfanya nusu mtu nusu paa, na katika wimbo wakamwalika aruke na kucheza hata kaptura imdondoke.

Basi ikiwa sauti isiyo na mwili ilizaa paa huko Kapkatet, ilizaa sungura huko Marekani. Nilimsimulia mzee habari za mwenye sauti kwa kadiri nilivyozijua, na hapa nakusimulia nawe.

Mel Blanc alizaliwa San Francisco tarehe 30 Mei 1908, mtoto wa wazazi wa Kiyahudi, akakulia Portland katika jimbo la Oregon. Jina la ukoo wao liliandikwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kitu kitupu, kama karatasi isiyoandikwa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mtundu darasani, na mwalimu wake mmoja akamkaripia kuwa atabaki mtupu kama jina lake. Sisi tuliopitia chuoni tunayajua makaripio ya namna hiyo, na bakora iliyofuatana nayo. Kijana hakujibu kitu, lakini alipotimia miaka 16 aliibadili herufi ya mwisho, ikawa Blanc, na jina hilo ndilo aliloishi nalo mpaka kufa.

Mtaa aliokulia ulikuwa na wahamiaji wa kila namna, na masikio yake yaliokota lafudhi zao kama kuku aokotavyo punje. Msomaji wa Mombasa au Lamu hatashangaa. Hakuna mtaa wetu uliokosa kijana awezaye kumwiga Mbaluchi, Mhadhrami na Banyani mwenye duka, wote katika pumzi moja, mpaka wazee wakamfukuza barazani huku wakijizuia kucheka. Tofauti ni kwamba Blanc aliligeuza jambo hilo kuwa kazi. Shuleni kwao mlikuwa na ukumbi mrefu wenye mwangwi, naye alipenda kupiga kicheko kikali humo ili akisikie kikimrudia. Kicheko hicho hicho alikuja kumpa ndege kigong'ota, Woody Woodpecker, mwaka 1940.

Alijifunza fidla, kisha tarumbeta kubwa la tuba, na mwaka 1927 akaanza kusikika katika redio ya Portland. Mwaka 1933 alimwoa Estelle Rosenbaum, na wawili hao wakawa na kipindi chao cha kuchekesha. Kituo hakikutaka kutoa fedha za kuwaajiri waigizaji wengine. Ilimbidi Blanc awe baba, mjomba, polisi, mlevi na mbwa, yote kwa mshahara wa mtu mmoja. Husemwa kwamba kipaji ni zawadi, nami sikatai, lakini kwa huyu bwana ubahili wa tajiri nao ulichangia sana.

Baadaye walihamia Los Angeles. Huko palikuwa na karakana ya Leon Schlesinger iliyotengeneza katuni kwa ajili ya Warner Brothers. Blanc aliuendea mlango huo muda wa zaidi ya mwaka mzima, na kila mara aliambiwa kuwa sauti walizonazo zinatosha. Hata siku moja alipofika akaambiwa kwamba yule aliyekuwa akimkataa amefariki dunia. Aliyekishika kiti chake alikubali kumsikiliza, akacheka, akawaita wenzake nao wasikilize. Kazi ya kwanza aliyopewa, mwaka 1937, ilikuwa fahali mlevi.

Kisha akapewa Porky. Aliyekuwa akimsemea nguruwe huyo kabla yake alikuwa na kigugumizi cha kweli, maskini, hakuweza kukizuia, na filamu nyingi iliharibika bure. Blanc aliweza kugugumia kwa kipimo. Alipenda kusimulia kwamba alikwenda kwenye banda la nguruwe kujifunza mlio wao; huko sisi tusimfuate. Mwaka huo huo akazaliwa bata Daffy, na mwaka 1940 akatoka sungura Bugs kwa sura tunayomjua hivi leo, akisema kwa lafudhi ya vijana wa mitaani wa New York.

Wengi wamesikia kwamba Blanc alikuwa haziwezi karoti, kwamba zilimdhuru mwilini. Si kweli. Ilivyokuwa ni kwamba hapakupatikana kitu kingine kinachovunjika mdomoni kwa mlio wa karoti, walijaribu mboga nyingine zikashindwa. Na kwa kuwa mtu hawezi kutafuna, kumeza na kusema kwa wakati mmoja, alikuwa akitafuna, kisha anatema katika chombo kilichowekwa pembeni, ndipo anaendelea na maneno yake.

Hapa mzee alinikatiza kwa hoja ya haki. Alisema sungura mjanja ni wao, bibi yake alimsimulia visa vyake kabla ya televisheni kuingia Kericho. Nasi pwani twasema ni wetu, kwani Edward Steere alikwisha kuchapisha kisa cha Sungura na Simba katika hadithi alizozikusanya Unguja, mwaka 1870. Tusigombane. Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani walikwenda na hadithi zao, na miaka ya 1880 Joel Chandler Harris alijipatia sifa kubwa kwa kuziandika visa vya sungura alivyovisikia kwa watu hao. Siwezi kuapa kwamba Bugs ni mjukuu wa damu wa sungura wetu, maana waliomchora waliazima kutoka kila upande. Lakini huyu aliye dhaifu, ambaye hakuanza ugomvi, na anayemshinda mwenye bunduki kwa ulimi tu, kila mtoto wa Kiafrika humtambua bila kuonyeshwa.

Na kwa kuwa tumewataja watumwa, yafaa tuseme na lile la aibu. Karakana hiyo hiyo ilitengeneza katuni zilizowadhihaki watu weusi kwa midomo mikubwa na uvivu wa kubuni. Kumi na moja kati ya hizo ziliondolewa katika televisheni mwaka 1968. Mojawapo, ya mwaka 1941, ni ya sungura huyu huyu, kwa sauti ya Blanc huyu huyu, na anayeshindwa humo ni mwindaji mweusi. Asili ya hadithi inadhihakiwa na mtoto wake! Mzazi anayewawekea watoto diski yoyote na akae nao kwanza.

Turudi kwa mtu wetu. Alipoona anabeba karibu wanyama wote mabegani, alimwendea Schlesinger kuomba aongezwe mshahara. Akanyimwa. Basi akaomba kitu kisicho na gharama, jina lake liandikwe mwanzoni mwa picha. Akakubaliwa, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa umaarufu wake, kwani wenye redio walianza kumtafuta. Hata hivyo jambo hili lina upande wake wa pili. Wenzake hawakuandikwa. Elmer Fudd, yule mwindaji anayemkosa sungura kila siku, alisemewa na Arthur Q. Bryan, fundi hodari, na watu wengi walikufa wakidhani kuwa hata huyo ni Blanc. Si haki, ijapokuwa Blanc hakuiba kitu.

Katika redio alifanya kazi na mchekeshaji Jack Benny tangu 1939. Kwanza alipewa awe dubu wa kunguruma tu, miezi sita ananguruma, mpaka alipouliza kwa adabu kama dubu huyo hawezi kupewa neno moja la kusema. Siku moja santuri yenye mlio wa gari bovu la Benny ilikataa kulia wakati kipindi kikiendelea hewani. Blanc akakimbilia maikrofoni, akakohoa, akapiga chafya na kutetemeka kama injini inayokata roho, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa gari.

Sasa nafika pale palipomfanya mzee aweke chini kikombe cha chai. Tarehe 24 Januari 1961, usiku, Blanc alikuwa akiendesha gari katika barabara ya Sunset huko Los Angeles. Akafika kwenye kona ambayo watu waliipa jina la kona ya wafu, na gari jingine likamjia uso kwa uso. Miguu yote miwili ilivunjika, na nyonga, na fuvu la kichwa likapasuka. Alilala hospitali zaidi ya wiki mbili bila fahamu. Mkewe Estelle na mwanawe Noel walikaa kitandani pake wakimwita kwa jina lake. Hakujibu. Madaktari walimwita. Hakujibu. Televisheni iliyokuwamo chumbani ilikuwa ikionyesha, na daktari mmoja, sijui kwa kukata tamaa au kwa kujaliwa, aliacha kumwuliza Mel Blanc hali yake, akamwuliza sungura.

Sungura akajibu. Kwa sauti dhaifu, lakini ile ile ya kwenye picha, alimweleza daktari anavyojisikia. Inasimuliwa kwamba daktari alimwita na Porky, naye akaitika. Mwenyewe alipozinduka hakukumbuka lolote katika hayo.

Nabii Sulaiman alifundishwa lugha ya ndege na akamsikia mdudu chungu, huo ulikuwa muujiza. Hili la Blanc sidai kuwa ni muujiza, wala sina elimu ya tiba ya kulifasiri. Mtu ameitwa kwa jina alilozaliwa nalo, na lile alilojirekebishia mwenyewe, na wapenzi wake wenyewe, hakuwapo. Ameitwa kwa jina la mnyama wa karatasi, akaja. Mambo ya roho ni ya Mwenyezi Mungu.

Alirudishwa nyumbani akiwa amefungwa plasta tangu kifuani hata miguuni. Wakati huo alikuwa na kazi katika The Flintstones, katuni ya watu wa zama za mawe iliyoanza mwaka 1960, ambamo alimsemea Barney Rubble. Vipindi vichache alishikiwa na Daws Butler. Kisha wenzake wakaleta mitambo nyumbani kwake, wakamwekea maikrofoni juu ya kitanda, wakasimama kumzunguka na karatasi zao. Ukizitazama picha hizo leo utamwona Barney anakimbia na kuruka, kumbe msemaji wake hawezi kujigeuza ubavu.

Aliishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1988 wanyama wake walitokea tena katika senema ya Who Framed Roger Rabbit, na mwaka uliofuata, tarehe 10 Julai 1989, alifariki Los Angeles akiwa na miaka 81. Juu ya jiwe la kaburi lake yamechongwa, kwa matakwa yake, yale maneno ya Porky ya kuwaaga watazamaji na kuwaambia kwamba yamekwisha. Baada ya mazishi kampuni ilitoa picha moja tu ya kuchorwa: wanyama wote wameinamisha vichwa, na mbele yao maikrofoni imesimama peke yake katika mwanga. Tangu hapo wanasemewa na wengine, akiwamo mwanawe Noel kwa muda, na wengine wao ni hodari.

Mzee alinyamaza. Kisha akanieleza jambo nililokuwa nimelisoma lakini sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu wa huko: kwamba mwaka 2015 zile nyimbo za Tracey zilirejeshwa kwa Wakipsigis, na akapatikana Cheriyot Arap Kuri, mmoja wa wanaume walionaswa mwaka 1950, akiwa bado hai na umri wake ukikaribia miaka 90. Akawekewa sauti yake ya ujana, akaisikiliza.

Mvua ilikuwa imekatika na watoto walikwisha kutoka nje. Mzee akaniomba nirudishe diski pale sungura anapoitafuna karoti. Nikairudisha. Hakutazama kioo, alifumba macho.