Nord Alexis: Msumeno Uliokata Upande Mmoja

Wahenga walinena kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika historia ya Haiti, taifa la watu weusi lililojinyakulia uhuru kutoka kwa Ufaransa mwaka 1804, yupo rais aliyeushika msumeno huo kwa ushupavu mkubwa, lakini asikubali hata siku moja umrudie yeye. Huyu ni Jenerali Pierre Nord Alexis.

Alizaliwa tarehe 2 Agosti 1820 kaskazini mwa Haiti, miezi miwili tu kabla ya kifo cha Mfalme Henri Christophe aliyelitawala eneo hilo. Aliingia jeshini angali kijana, na akamwoa binti ya Jean-Louis Pierrot, mmojawapo wa marais wa nchi hiyo. Katika maisha yake marefu alionja vyeo, kifungo na uhamisho. Rais Tirésias Simon Sam alipong'atuka mwezi wa Mei 1902, vita vilizuka kati ya wafuasi wa msomi Anténor Firmin na serikali ya mpito, ambamo Nord Alexis alikuwa waziri wa vita. Firmin aliposhindwa, wanajeshi walimtangaza jenerali wao kuwa rais, na tarehe 21 Desemba 1902 Bunge likaidhinisha. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 82.

Alirithi hazina iliyoelemewa na madeni. Wakati wa mtangulizi wake, serikali ilikuwa imeamua kuyakusanya madeni yake na kuyageuza kuwa hati mpya za dhamana zenye riba. Mpango ulikuwa mwema, ila utekelezaji wake uligeuka shamba la bibi. Hati zilitolewa kwa madai ya uongo, na faida ikaishia mikononi mwa wakubwa wa serikali, jamaa zao na maafisa wa Benki ya Taifa, iliyoendeshwa kwa mtaji wa Wafaransa.

Mwaka 1903 Nord Alexis aliamuru uchunguzi, na mwishoni mwa mwaka 1904, Haiti ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya uhuru, kesi ikasikizwa hadharani. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo Simon Sam mwenyewe, aliyekuwa ng'ambo, Cincinnatus Leconte, Tancrède Auguste, Vilbrun Guillaume Sam, na maafisa wa benki kutoka Ulaya. Wengi walihukumiwa kifungo na kazi ngumu. Halikuwa jambo dogo. Ikumbukwe kwamba mwaka 1897 manowari za Ujerumani zilikuwa zimeilazimisha Haiti kulipa fidia kwa sababu ya Mjerumani mmoja tu aliyehukumiwa na mahakama zake.

Hata hivyo, hapakuwa na chombo cha kumhoji aliyewahoji wenzake. Serikali yake ilichapisha noti kwa wingi, thamani ya gourde ikaporomoka, na maisha ya raia yakawa magumu. Aliposhuku njama dhidi yake, hakwenda tena mahakamani. Usiku wa tarehe 15 Machi 1908, mshairi Massillon Coicou, ndugu zake wawili na watu wengine walikamatwa na kupigwa risasi jijini Port-au-Prince pasi na kesi yoyote. Wezi wa hazina walipewa mawakili. Mshairi hakupewa hata fursa ya kujitetea.

Mwaka huohuo Jenerali Antoine Simon aliasi kusini mwa nchi. Tarehe 2 Desemba 1908, huku umati ukimzomea, Nord Alexis alisindikizwa chini ya bendera ya Ufaransa hadi kwenye manowari ya Wafaransa. Alifariki tarehe 1 Mei 1910.

Je, wale waliohukumiwa? Hukumu zao hazikudumu. Leconte alikuwa rais mwaka 1911, Auguste akamfuata mwaka 1912, na Vilbrun Guillaume Sam akatwaa kiti mwaka 1915, mwaka ambao aliuawa na umati na majeshi ya Marekani yakaivamia nchi.

Naam, msomaji mpenzi, kesi ya mwaka 1904 ilithibitisha kwamba wakubwa wanaweza kushtakiwa. Lakini uwajibikaji unaotegemea ghadhabu ya mtu mmoja huondoka naye. Msumeno wa sheria haufai kuachwa mikononi mwa mtawala. Sharti uwe mikononi mwa taasisi ambazo naye mwenyewe anaziogopa.