Maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee na Funzo Lake Kwetu

Wengi wetu tufikapo Nairobi huketi kivulini katika bustani ya Jeevanjee, wala hatuulizi huyo Jeevanjee alikuwa nani. Tumeona yafaa tuyaeleze maisha yake, kwani ndani yake mna habari za Wahindi walivyoamka kudai haki zao chini ya utawala wa Waingereza, na jinsi mwamko huo ulivyokuja kupasuliwa kwa dini. Mambo hayo yawahusu watu wa pwani, nayo yatuhusu hata sisi tukaao huku Isiolo.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856, katika jamaa ya Mabohora, ambao ni Waislamu wa madhehebu ya Shia. Elimu yake ya shule ilikuwa haba. Alianza kwa uchuuzi, akasafiri hata Australia akafanya biashara katika mji wa Adelaide, na mwaka wa 1890 akaanzisha kazi zake Mombasa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896, yeye alikuwa miongoni mwa walioleta vibarua na mafundi kutoka India na kuwapatia vyakula. Wahindi walioajiriwa katika reli hiyo walizidi 30,000, na wapatao 2,500 katika wao walikufa kazini.

Mali ikamjia kwa wingi. Mwaka wa 1901 alianzisha gazeti mjini Mombasa, African Standard, ambalo baadaye liliuzwa kwa Wazungu likawa East African Standard. Akajenga soko Nairobi, na mwaka wa 1906 akautoa kiwanja chake kiwe bustani ya watu wote.

Lakini mtu huyu aliyeujenga mji hakuruhusiwa kununua shamba katika nchi ya milima. Ardhi nzuri ya huko ilitengwa kwa Wazungu peke yao, na mijini nako Wahindi wakatakiwa wakae mbali nao. Hapo Jeevanjee akatambua kwamba tajiri na kibarua, madhali wote ni Wahindi, walikuwa daraja moja machoni mwa serikali. Mwaka wa 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiyekuwa Mzungu kukaa humo. Alikuwa peke yake, na sauti moja haikuweza kugeuza neno.

Kwa hiyo akatafuta nguvu katika umoja. Mwaka wa 1914 Wahindi wa Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakafanya chama cha Congress kwa mfano wa kile cha India, na Jeevanjee akawa rais wa mkutano huo. Aliyeongoza ni Mwislamu, na waliomfuata ni Mabaniani, Masingasinga na Waislamu. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1924, chama hicho hicho kilimwita kutoka India Bibi Sarojini Naidu, naye ni Mhindu, akakiongoza kikao cha Mombasa, na Waislamu wakamsikiliza.

Pamoja na sifa hizo, haki yataka tuutaje upungufu wake. Mwaka wa 1910, alipokuwa London, Jeevanjee alitoa rai kwamba nchi hii iunganishwe na dola ya India. Alidai usawa baina ya Mhindi na Mzungu, wala hakuuliza Mwafrika mwenye nchi anataka nini. Serikali ikaujua udhaifu huo. Katika waraka wa mwaka wa 1923 ilisema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa, na kwa neno hilo ikawanyima Wahindi usawa; lakini ile ardhi ya milima ikabaki kwa Wazungu vile vile, na Mwafrika hakurudishiwa hata shamba moja.

Jeevanjee alifariki mwaka wa 1936, na mali yake imekwisha kupungua sana. Baada yake umoja ule nao ukapungua. Huko India, tangu mwaka wa 1909, sheria ilikuwa imewapa Waislamu daftari lao la kupigia kura, na mwaka wa 1947 nchi ikagawanyika ikawa India na Pakistan. Wimbi hilo likafika kwetu. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1952 hapa Kenya, Waasia Waislamu walipiga kura mbali na wenzao. Hatusemi kwamba hawakuwa na hoja. Walikuwa wachache, nao wakiogopa kumezwa. Lakini kila kundi lilipopata kiti chake, sauti iliyokuwa moja ikawa mbili, na aliyepata faida ni mtawala.

Na hapa Isiolo tuna mfano ulio karibu. Wasomali wa Isaaq waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza walipewa makao hapa. Katika miaka ya 1930 wao walidai wahesabiwe pamoja na Waasia, wakataka hata kulipa kodi kubwa ya Waasia badala ya ile ndogo waliyotozwa. Si kwamba walipenda kulipa. Waliona kwamba utu wa mtu ulipimwa kwa daraja aliloandikiwa, nao wakatafuta daraja la juu. Kosa la asili ni la aliyezipanga daraja hizo. Lakini mwenye kuipanda ngazi ya dhulma huiacha ngazi imesimama, na walio chini yake hubaki chini.

Hili ndilo funzo tulionalo katika maisha ya Jeevanjee. Alifaulu kila alipoikusanya mikono mingi, akashindwa pale alipodai haki kwa ajili ya kabila lake tu. Dini yetu yatuamrisha uadilifu kwa kila mtu, hata asiyekuwa wa dini yetu. Basi tunapodai haki zetu sisi Waislamu, na tuna haki ya kuzidai, yatupasa tujiulize kwanza: je, haki hii twamtakia na jirani yetu?

Mwaka wa 1991 palipokusudiwa kujengwa juu ya ile bustani, mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kuitetea, na watu wa kila kabila na kila dini wakasimama naye hata mpango ule ukaachwa. Katika mali yote aliyoichuma mzee yule, iliyopata watetezi wengi ni ile aliyowapa watu wote.