Kabla ya ID Kulikuwa na Kipande: Stori ya Harry Thuku Ambayo Kila Msee wa Mtaa Anafaa Kujua

Umetoka Majengo saa tatu usiku na mabeshte wawili. Gari la makarao linasimama kando yenu na swali la kwanza unalijua tayari: kitambulisho kiko wapi? Hujaiba, hujalewa, hujatusi mtu. Lakini lazima utoe kitu mfukoni ndiyo uaminiwe wewe ni mtu. Msee wa Muthaiga aliyepita na gari, kioo kikiwa juu, hajaulizwa lolote.

Hii stori ni ya kitambo, buda. Na kuna mzae mmoja aliyeifanya vita yake akiwa bado kijana kama wewe. Jina lake Harry Thuku.

Alizaliwa 1895 huko Kambui, Kiambu, akasomeshwa na wamishenari. Usidhani alikuwa malaika. Akiwa kijana alifungwa jela miaka miwili kwa kesi ya cheki feki. Alipotoka akapata kazi ya kupanga herufi kwa gazeti la masetla hapa Nairobi. Fikiria hiyo: kila siku anapanga kwa mikono yake maneno ya Wazungu kuhusu Waafrika, na anayasoma yote. Baadaye akawa anashika simu kwa ofisi ya hazina ya serikali. Kijana wa mjini, suti safi, Kiingereza kiko sawa. Lakini akitoka nje ya ofisi, alikuwa tu Mwafrika mwingine wa kusimamishwa.

Sasa shika hii ya kipande. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kushika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikopo cha chuma. Wengi walikining'iniza shingoni, kama kengele ya mbuzi. Ukiacha kazi bila mwajiri kuweka sahihi, wewe ni mtoro na unasakwa. Mzungu? Yeye hakuwa na kipande. Uso wake ulitosha.

Miaka hiyo hiyo ndiyo serikali ilitenga Pumwani iwe mtaa rasmi wa Waafrika, mbali na vilima vya Wazungu. Yaani mji ulikuhitaji mchana upike, ufue na ubebe mizigo. Usiku ukae upande wako.

1921 masetla wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi nayo ilikuwa imepanda. Thuku akasema imetosha. Akaunda chama kilichokuja kuitwa East African Association, na hakutaka kiwe cha kabila moja. Mhindi mmoja, M. A. Desai, mwenye gazeti, akamsaidia, na malalamiko yakatumwa kwa telegramu hadi London. Thuku akapiga kelele juu ya kipande, juu ya kodi, na juu ya wanawake na wasichana waliokuwa wakilazimishwa kufanya kazi kwa mashamba ya kahawa. Siasa ikamtoa kazini. Hakurudi nyuma.

Tarehe 14 Machi 1922 wakamshika. Siku mbili baadaye, maelfu ya watu walikuwa nje ya kituo cha polisi, pale leo panaitwa Central. Wazee wakaenda kuongea na serikali, wakarudi na kuambia umati utawanyike. Wengine wakaanza kwenda. Hapo ndipo Muthoni Nyanjiru akatoka mbele, akainua nguo yake juu, akaaibisha wanaume wote waliokuwa wakiondoka. Wanawake wakapiga vigelegele na umati ukasonga kuelekea getini.

Polisi wakafyatua. Muthoni akawa kati ya wa kwanza kuanguka. Na walioshuhudia walisema masetla waliokuwa kwenye veranda ya hoteli ya Norfolk, ng'ambo tu ya barabara, nao walipiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu wa mtaa walihesabu nyingi zaidi.

Thuku hakupelekwa kortini. Akatupwa Kismayu, kisha kwingine kaskazini, akakaa huko hadi mwisho wa 1930. Aliporudi alikuwa mtu mpole zaidi, mkulima wa kahawa, na wakati wa Mau Mau alisimama kinyume na wapiganaji. Wengi hawakumsamehe. Alifariki 1970, akiwa ameona uhuru.

Na kipande? Kiliondolewa miaka ya 1940, ikaja sheria ya kitambulisho cha watu wa rangi zote. Unajua nani walilalamika zaidi? Wazungu. Waliona ni matusi wao kuchukuliwa alama za vidole. Kitu ambacho kilikuwa sawa kwa babu yako kwa zaidi ya miaka 20, kwao kiligeuka aibu kwa siku moja.

Siku moja toka Pumwani, pitia Gikomba, panda hadi tao, ufike Harry Thuku Road. Upande mmoja chuo kikuu, na Norfolk bado iko. Simama hapo kidogo. Na wakikuuliza ID usiku, ukiitoa, kumbuka kuna watu waliolipa maisha yao wakiuliza swali moja tu: mbona ni sisi pekee?