Al-Battani: Mwanafalaki wa kitabu kimoja

Vyuo vikuu vya leo vina mizani yake ya kumpima mwanachuoni. Huhesabiwa makala alizochapisha, kisha huhesabiwa wangapi wamezitaja katika makala zao. Mwaka 2005 mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, aliziunganisha hesabu hizo mbili zikawa namba moja: mwenye makala 10 zilizotajwa angalau mara 10 kila moja, hupata 10. Kwa namba hiyo watu huajiriwa, hupandishwa vyeo na hupewa fedha za utafiti. Sasa ndugu msomaji, tumweke kwenye mizani hiyo Abu Abdallah Muhammad bin Jabir al-Battani, tuone atapata ngapi.

Alizaliwa karibu na mwaka 858 Miladia huko Harran, mji ulioko Uturuki ya leo. Wazee wake walikuwa Masabii, watu waliotukuza nyota. Yeye, kama majina yake yanavyoonyesha, alikuwa Mwislamu. Maisha yake ya kazi aliyamalizia Raqqa, kando ya mto Furati nchini Syria, mji ambao wengi wetu tumeusikia kwa habari za vita vya 2014 hadi 2017 tu. Hapo alianza kupima mwenendo wa jua, mwezi na nyota mwaka 264 Hijria, akaendelea hadi 306. Miaka arobaini na ushei! Alirekodi kupatwa kwa mwezi mwaka 883 na kwa jua mwaka 891 akiwa Raqqa, na mwaka 901 akavishuhudia vyote viwili akiwa Antiokia.

Matunda ya miaka hiyo ni kitabu kimoja kikubwa, Zij, chenye sura 57 na majedwali. Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake ya vitabu mwaka 377 Hijria, anamtajia na vingine vichache, basi. Lakini ndani ya kitabu hicho alimsahihisha Ptolemaio, aliyekuwa imamu wa fani hiyo kwa miaka 700. Alionyesha kwamba mahali jua linapokuwa mbali zaidi nasi hapakai pamoja, panasogea. Alionyesha pia kwamba jua laweza kupatwa likabaki pete ya mwanga pembeni, jambo lisilowezekana kwa vipimo vya Ptolemaio.

Urefu wa mwaka aliupata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Amepungukiwa dakika mbili na kitu. Na hapa pana jambo la kuzingatia: kipimo chake mwenyewe kilikuwa kizuri, ila alikilinganisha na kipimo cha Ptolemaio cha mwaka 139, ambacho kilikosea kwa takriban siku nzima. Kosa lilikuwa la yule aliyemnukuu.

Mwaka 317 Hijria, sawa na 929, watu wa Raqqa walikwenda Baghdad kushitaki dhulma waliyofanyiwa, naye mzee akafuatana nao. Alifariki njiani wakati wa kurudi, mahali paitwapo Qasr al-Jiss karibu na Samarra.

Baada ya hapo kitabu kikaanza safari yake. Al-Biruni alikiandikia kitabu kizima. Karne ya 12 Plato wa Tivoli alikitafsiri kwa Kilatini, na mwaka 1537 tafsiri hiyo ikapigwa chapa Nuremberg. Miaka sita baadaye, katika mji huohuo, kikatoka kitabu cha Copernicus kinachosema dunia ndiyo inayolizunguka jua, na ndani yake al-Battani ametajwa zaidi ya mara 20. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, aliandika makala nzima katika jarida la wanasayansi wa London kusahihisha vipimo vya al-Battani vilivyoharibiwa na tafsiri ile. Mwaka 1749 Mwingereza mwingine, Dunthorne, alivitumia kukadiria jinsi mwendo wa mwezi ulivyobadilika tangu enzi za kale. Ni miaka 820 tangu mwenyewe kuzikwa. Chapa nzuri ya Kiarabu aliitoa Mtaliano Nallino, Milan, kati ya 1899 na 1907.

Turudi kwenye mizani. Kitabu kimoja, hata kitajwe mara elfu, kwa namba ya Hirsch kinampa mwenyewe 1. Tukiongeza vile vidogo, labda 2 au 3. Leo mhadhiri kijana mwenye alama hiyo angeambiwa asubiri kupandishwa cheo.

Na bado al-Battani ana bahati, maana yeye alitajwa kwa jina. Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya mjini Damascus, aliyefariki mwaka 1375, aliunda mfumo wa mwendo wa mwezi unaolingana na ule wa Copernicus. Mfanano huo ulitangazwa na watafiti mwaka 1957. Katika kitabu cha Copernicus jina lake halimo hata mara moja.